Kilo Kumi na Tatu

Adela alikuja kwangu mwezi uliopita akitokea kliniki, ameshika daftari lake la sukari kwa mikono miwili kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na barua ya mwalimu. Ilikuwa inakaribia miaka thelathini sijamwona. Niliyemwacha alikuwa msichana wa darasa la tano mwenye magoti yaliyochubuka, na aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa mwanamke mzito mwenye mabega na kidevu cha mama yake. Nikampa kiti. Akakaa, akahema, akasema, "Dada Skola, pale kliniki wameniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa na sukari. Nikasema mama. Nesi akaniuliza, una uhakika? Nikasema sina. Kwa baba mkubwa nilikokulia waliniambia mama alikufa kwa ule ugonjwa. Wewe uliishi naye mwaka ule. Nimekuja unieleze, na usinifiche."

Jibu lenyewe ni fupi na nilimpa palepale: ilikuwa sukari, haukuwa ule ugonjwa. Lakini Adela hakuwa amesafiri kutoka Sumbawanga kuja kuchukua neno moja. Alitaka kujua nimejuaje, na nani mwingine alijua, na kwa nini mtaa mzima wa Ilembo uliamini jambo lingine. Nikamwambia ngoja niinjike chai kwanza. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Mambo mengi ya mwaka ule naweza kuyasimulia mbele ya padri au mbele ya hakimu, sioni shida. Kuna moja tu, la kikombe, ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, na huyu aliyekaa sebuleni ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye ningetaka alisikie.

Habari za kwetu na za utoto wangu naziruka, hazina kosa lolote na hazina msaada wowote hapa. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina miaka ishirini, naandika mwandiko mzuri, na hiyo ndiyo sababu nilipata kazi ya ukarani kwenye utafiti wa uzito na afya ya watu wazima uliokuja Mpanda kwa mwaka mmoja. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Katavi haijawa mkoa, sisi tukihesabiwa Rukwa. Nilipanga chumba cha uani Ilembo, nyumbani kwa mama mmoja mjane, Mama Adela. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la wavu, na kuta zilizobandikwa magazeti ya zamani ambayo niliyasoma mpaka nikajua mpira ulichezwa wapi na nani alifunga. Asubuhi ya siku za treni nilisikia honi kutoka stesheni nikiwa bado kitandani, na mara baada ya honi nilisikia mwiko wa Mama Adela ukigonga ukingo wa sufuria ya uji. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu.

Mama Adela alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa cheo. Leo watu wanalipia kwenda kukimbia uwanjani jioni ili wapungue, lakini wakati ule, kwetu, mwanamke mjane aliyenenepa alikuwa ameushinda ulimwengu. Kwenye kila harusi na kila msiba wa mtaa ule, yeye ndiye aliyeitwa kusonga ugali wa sufuria kubwa, ule wa watu mia, na alipouinua mwiko kwa mikono yote miwili wanawake wengine walimpisha. Chakula cha nyumbani kwake tulikula sebuleni, chini ya picha ya mumewe aliyevaa kofia ya dereva wa lori, sinia moja watu watatu: ugali, dagaa au kisamvu cha karanga, na masika uyoga wa porini uliochemshwa mpaka mchuzi ukawa mweusi. Maji tulikunywa kwa kikombe kimoja kikubwa cha bati kilichozunguka kutoka mkono hadi mkono. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Mgeni akitoka kwangu amekonda, watasema nimemroga."

Kazini bosi wangu alikuwa Bwana Nestori, mtakwimu, mtu mkavu wa maneno machache aliyeweka karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa shati na kuzila moja moja akifikiri. Kwenye ukuta wa ofisi alikuwa ametundika chati yenye mistari mitatu iliyopinda: wa bluu kwa waliokonda, wa kijani kwa walio sawa, na mwekundu kwa waliozidi. Unachukua urefu wa mtu, unachukua uzito wake, unaweka nukta. Mwisho wa mwezi nukta zinakuwa kama mtama uliomwagika, na katikati ya mtama huo anapatikana mtu anayeitwa wastani. Nilimpenda sana huyo mtu wastani. Nilikuwa mtoto wa kike niliyelelewa na "inasemekana" na "watu wanasema", na hapa nilikuta maneno yenye ushahidi: watu wenye uzito huu kwa urefu huu, wengi wao baadaye hupata sukari, wengi hupata presha. Bwana Nestori aliniona ninavyong'aa macho, akanikanya siku ya kwanza kabisa. "Skola, fomu hii inajua wangapi. Haijui nani. Usije ukaitumia kumpigia mtu ramli." Nikaitikia ndiyo bosi. Maneno yalipita sikio hili yakatokea la pili.

Jioni ileile nilimpigia Mama Adela ramli. Tulikuwa tunakula. Nikamweleza chati, nikamweleza mstari mwekundu, nikamwambia kwa macho yangu nakuona uko juu yake, na watu walio juu yake wako hatarini, kwa hiyo punguza ugali. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi la shule. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya khanga. "Mwanangu, nikipungua mimi, huyu," akaonyesha picha ya ukutani, "watasema aliniachia nini?" Mumewe alikuwa amekufa akikohoa, miaka minne nyuma, na dereva wa lori akifa akikohoa miaka ile hakuna aliyehitaji kumaliza sentensi. Unene wa Mama Adela ndio uliokuwa umemaliza sentensi kwa njia nyingine. Kila aliposimama kwenye sufuria ya msiba, mwili wake uliwaambia watu: hakuniachia kitu, mnaniona. Nililielewa hilo nikiwa na miaka thelathini na mitano. Nikiwa na ishirini nilidhani amekwepa hoja.

Sasa niseme habari ya mizani, maana bila mizani haya mengine hayaeleweki. Tulikuja na mizani ya kisasa, ndogo, ya kukanyaga, ikafia barabara ya Mwese gari letu lilipotumbukia kwenye korongo. Bwana Nestori akaenda Katumba kuazima mizani kwenye ghala moja la kununulia tumbaku, ile ya jukwaa la mbao na chuma kinachotelezeshwa. Pamoja na mizani tukaazima na desturi yake bila kujua. Mkulima wa tumbaku hakubali robota lake, lile furushi la majani lililoshonwa, lipimwe kimyakimya. Karani husoma kilo kwa sauti ili kila aliye kwenye foleni asikie na asiibiwe mtu. Tulipowapandisha watu wa Katumba wenyewe juu ya jukwaa lile, nami nikaandika bila kusema, walikataa. "Soma!" mzee mmoja alinifokea. "Tutajuaje kama umeandika kweli?" Nikasoma. Tangu siku hiyo tulisoma kila mahali, na Ilembo tulipofika tulisoma vilevile, kwenye uwanja wa mbele ya ofisi ya kata, watu wote wa mtaa wamekaa kwenye mabenchi wakisikiliza kama matokeo ya uchaguzi. Mwenye kilo nyingi alipigiwa vigelegele. Mwembamba alishuka akitafuta viatu vyake kwa muda mrefu.

Mama Adela mara ya kwanza alikuwa na kilo tisini na nne, na kelele alizopigiwa zilimwamsha hata mbwa wa mtendaji. Jioni alikuwa na raha, akatusimulia jinsi yeye na mumewe walivyolima tumbaku kabla ya mume kuingia kwenye malori. Kuna mwaka mvua ilikuwa chache na tumbaku nyepesi, mume akashona mchanga ndani ya robota ili lipande. Karani akalisoma kilo kwa sauti, watu wakashangaa, halafu mchambuzi, yule anayekagua ubora wa tumbaku, akachukua chuma chake kirefu akalichoma robota, mchanga ukamwagika mbele ya kijiji kizima. "Nilitamani ardhi inimeze," alisema Mama Adela akicheka. Adela alicheka mpaka akapaliwa. Nilicheka na mimi.

Miezi ikapita, nami nilikuwa naona bila kuona. Mtungi wa maji wa sebuleni, ambao zamani ulimaliza siku mbili, ulikuwa unakauka kabla ya jioni. Mama Adela alitoka uani mara nyingi. Kidonda kidogo alichopata kwenye kidole cha mguu, alipokwaruzwa na jembe, kilikuwa hakitaki kufunga. Na kwenye bafu letu la nyasi nyuma ya nyumba, kila asubuhi, sisimizi. Walikuja kwa msafara kutoka kwenye mchongoma wakaingia bafuni kwenye ile kona ya kutokea maji, pale tulipojisaidia haja ndogo, wakajaa. Zamu ya usafi ilikuwa yangu. Nilichota majivu jikoni nikawamwagia, kesho wakarudi. Nilimnung'unikia Mama Adela kuhusu sisimizi. Akaniambia, "Na wao wana kwao, wataondoka." Kila siku niliwafagia, halafu nikaoga, nikavaa, nikaenda ofisini kuchora nukta za watu wenye hatari ya sukari.

Tulipopima mara ya pili alikuwa na kilo themanini na saba. Nilitelezesha chuma, nikatazama, nikatazama daftari, na furaha ikanipanda kichwani. Niliona ushauri wangu umefanya kazi. Sikusoma kilo tu kama nilivyotakiwa, nilisimama nikapaza sauti, "Mama Adela! Umepungua kilo saba! Hongera sana, mama!" Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu. Makofi yangu yalipokwisha nikamsikia Mama Shija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akimwambia aliyekaa naye, wala hakunong'ona: "Haya sasa. Nyie mlisema yule mwanaume aliondoka peke yake." Mama Adela alishuka kwenye jukwaa akavaa viatu vyake. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga maji ya kunywa, hakujua, na maji yamekwisha.

Baada ya hapo hakuitwa kwenye sufuria. Kulikuwa na harusi wiki ya pili yake, upande wa pili wa mtaa, na akangoja aitwe kuanzia asubuhi akiwa amejifunga kitenge cha kazi. Saa nane mchana tulisikia ngoma zinaanza. Akafungua kitenge, akakikunja, akaniambia, "Leo ugali wao utakuwa na mabonge." Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho ninaoukumbuka. Watoto walioshinda kwake wakicheza na Adela wakaanza kuitwa na mama zao. Na mwili wenyewe, ambao sasa kila mtu aliuangalia, haukumsaidia: shingo ilichomoza, mikono ikalegea ngozi, magauni yakaanza kuvaliwa na mtu mwingine.

Na mimi? Mimi nilikuwa mtu wa takwimu. Nilikaa kwenye meza yangu ofisini nikapiga hesabu, naona aibu hata kuiandika. Nikajiuliza: mwaka huu, hapa mjini, mtu mzima anayekonda haraka hivi, wengi wao wana nini? Mjane. Mume dereva. Alikufa kifua. Kila jibu lilishuka kwenye mstari mmoja. Hesabu ile haikuwa na makosa, na hilo ndilo lililonitesa miaka yote baadaye. Wengi walikuwa na ule ugonjwa kweli. Nilikuwa nimechukua jibu la wengi nikamvika mtu mmoja bila kumwuliza hata swali moja, wakati nilikuwa nalala hatua kumi kutoka kwake, namsikia akiamka kunywa maji. Siku hiyo nikitoka kazini nilipitia sokoni nikanunua kikombe cha plastiki, cha bluu.

Tulikuwa tunakula dagaa. Nilikileta kikombe kutoka chumbani kwangu nikakiweka kando ya goti langu. Nilikuwa nimeandaa uongo, kwamba nimepewa zawadi ofisini, lakini hakuna aliyeniuliza, na uongo ukabaki mdomoni. Mama Adela alikitazama kile kikombe muda wa kumeza tonge moja. Halafu akachota maji kwa kile cha bati, akanywa, akampa Adela. Hakikuja kwangu. Kesho yake asubuhi nilikikuta kikombe changu kimeoshwa na kufunikwa kwenye kichanja cha vyombo, peke yake, mwisho kabisa, mbali na vingine. Nilijua nani amekiosha. Nilikitumia hivyo miezi miwili na nusu, na hakuna siku niliyokiosha mwenyewe.

Mara ya tatu ya kupima iliangukia mwanzo wa kiangazi. Mama Adela alivaa gauni pana na vitenge viwili, akatembea taratibu sana kutoka nyumbani, akisema mguu unamuuma. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Nadhani walikuja kumwona yeye. Akapanda jukwaa. Nikatelezesha chuma mpaka pale nilipotegemea, kikakataa, nikasogeza tena, kikakataa. Nikasoma: kilo tisini. Nikarudia kusoma. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, wengine wakafuata, hata Mama Shija akaguna, "Amerudi huyo." Uso wa Mama Adela ulikuwa na jasho na ulikuwa na nuru. Nami nilijisikia nimetuliwa mzigo. Macho yangu yalikuwa yameona mtu amekwisha, lakini mizani imesema tisini, na kati ya macho yangu na mizani mimi niliamini mizani. Nikajiambia leo usiku nitakunywa kwa kikombe cha bati. Niliandika tisini kwa mwandiko wangu mzuri.

Hakufika nyumbani. Alianguka kwenye njia ya mashambani, hatua chache kutoka mlango wake, na Adela akaja mbio uwanjani kuniita. Tulimpakia kwenye gari la utafiti. Alikuwa anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu, na pumzi ile ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini walimweka kitandani, na aliyetupokea, baada ya kumtazama shingo na mikono, aliuliza swali moja tu: mume yupo? Nikasema alikufa, kwa kifua. Akaandika. Niliona anavyoandika, nikajua anafanya ile hesabu yangu. Kisha mhudumu wa wodi, bibi mmoja mfupi wa Katumba mwenye lafudhi ya Kirundi, Bibi Sabina, akaniambia nimsaidie kumvua nguo. Tukafungua kitenge cha kwanza, cha pili, tukalipandisha gauni. Chini yake kulikuwa na gagulo la kitambaa cha marekani, limeshonwa mifuko kuzunguka kiuno chote, mfuko kwa mfuko, kwa mshono mzuri wa mtu aliyezoea kushona marobota. Bibi Sabina alilivuta, likaanguka sakafuni kwa kishindo. Mfuko mmoja ukapasuka. Ulikuwa mchanga.

Sikulia. Nilibaki nimeshika ncha ya gagulo. Bibi Sabina ndiye aliyeutazama mwili uliobaki kitandani, akainama akanusa pumzi yake, akanusa ile nguo ya ndani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, chooni kwenu kuna sisimizi?"

"Wapo," nilisema. "Wapo mwaka mzima."

"Maji anakunywa?"

"Anamaliza mtungi."

"Basi ni sukari hiyo," akasema, akatoka kumwita daktari. Maswali mawili. Mimi nilikuwa na chati, na fomu, na mtakwimu, na mwaka mzima wa sisimizi, na sikuuliza hata moja.

Walipima wakakuta ni hivyo. Dawa iliyotakiwa ilikuwepo kidogo tu, na mwili ulikuwa umeshakwenda mbali. Aliamka mara moja tu, alfajiri ya siku ya pili. Aliangalia kiuno chake, akaelewa kwamba tumeona. Nikamwambia, "Mama, ni sukari. Sio ule ugonjwa. Wamepima." Alifumba macho, nikadhani amelala tena, halafu akasema, "Kawasomee." Nilidhani sijasikia. Akarudia, "Pale uwanjani. Kawasomee kwa sauti." Nilimwahidi. Alikufa siku ya tatu, na msibani ugali ulisongwa na Mama Shija. Nilisimama nikasema, mbele ya watu wote, kwamba marehemu alikuwa na sukari. Waliitikia kwa vichwa, kwa huruma, kama mnavyomwitikia mtu anayemstiri marehemu. Hakuna aliyeniamini. Niliyekuwa nimewafundisha kusikiliza sauti yangu nikisoma kilo, sasa nilisoma ukweli na wao wakasikia heshima tu. Baba mkubwa wa Adela alimchukua mtoto wiki hiyohiyo.

Gagulo nilibaki nalo. Siku moja baada ya kazi nililipandisha kwenye mizani ya tumbaku, peke yangu, nikasoma kwa sauti kwa sababu sikujua tena kusoma kimya: kilo kumi na tatu. Kwa hiyo alikuwa na sabini na saba. Nikampelekea Bwana Nestori nikamwambia kuna fomu moja ya uongo, nikamweleza yote, ila kikombe. Aliweka karanga zake chini. Alisema pole, na najua alimaanisha. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hakujua njia nyingine ya kunifariji, akachukua mashine ya kuhesabia akapiga wastani wa wanawake wote wa wilaya kwa kilo tisini za Mama Adela. Akapiga tena kwa sabini na saba. Akapiga mara ya tatu, amemtoa kabisa, kama mtu ambaye hakuwahi kupimwa. Akanigeuzia karatasi nione. Mara zote tatu ilikuwa namba ileile, mpaka kwenye desimali. "Unaona?" alisema kwa upole. "Hujaharibu kitu." Mpaka leo sijui kwa nini sikumrushia ile karatasi.

Nimefanya kazi ya takwimu za afya miaka yote hii, na sitaki mtu afikiri naitukana. Chati ile haikudanganya: ilisema walio juu ya mstari, wengi hupata sukari, na yeye aliipata. Ilikuwa inanisihi niende nikamwulize. Mimi nikaitumia kwanza kama fimbo ya mwalimu, halafu kama makofi ya pongezi, halafu kama sababu ya kununua kikombe. Siku hizi mimi mwenyewe niko juu ya mstari mwekundu, na kijana wa kliniki huniambia hivyo kila mara bila kuniangalia usoni. Mimi humwambia, mwanangu, niulize kwanza nalalaje.

Haya yote, ila kikombe, nilimsimulia Adela, chai ikapoa, tukachemsha nyingine. Alilia kidogo kwenye mchanga, na kwenye "kawasomee" alilia sana. Nilipofika mwisho akashukuru, akafungua daftari lake, akaandika neno "mama" pale walipoacha nafasi. Angeondoka hivyo. Gari lake la Sumbawanga lilikuwa kesho, na ningebaki na kikombe changu mpaka kaburini, lakini alikuwa amesema nisimfiche. Nikasema, "Adela, kuna kitu kingine. Kulikuwa na kikombe."

"Kile cha bluu?" akadakia, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nakikumbuka! Mama alinikataza hata kukigusa. Aliniambia, dada yako ana kifua, anaogopa kutuambukiza, ndiyo maana amejitenga. Akasema nisije nikakuuliza, nitakutia aibu. Alikuwa akikiosha mwenyewe na maji ya moto." Akanitazama kwa huruma ya kweli, uso uleule wa mama yake. "Kifua chenyewe kilipona, dada?"

Nilitafuta pa kutazama nikakosa. "Sikuwa na kifua, Adela," nilisema.

Nikaona tabasamu linakaa kidogo usoni pake, halijapata habari, kisha nikaliona linaondoka. Alielewa. Nje mtu alipita na baiskeli, akasalimia dirishani, hakuna aliyeitikia. Adela akainuka kwa shida, akashika meza, akachukua kikombe chake, akachukua na changu, akaenda navyo jikoni. Nilimsikia akiviosha. Nilipomfuata nilivikuta kwenye kichanja, vyote viwili, vimefunikwa kimoja kando ya kingine, naye amesimama kanipa mgongo anafuta mikono.